Sheria Zilizotiwa Masizi

Kitu cha kwanza nilichokiona Dumazi kilikuwa tone la utomvu.

Lilining'inia kwenye ukingo wa ubao mweusi uliotundikwa juu ya lango la mji. Wenyeji walipita chini yake wameinamisha vichwa, kama watu wanaopita mbele ya jeneza. Aliyenipokea, Bwana Mavere, ambaye cheo chake kiliitwa Karani wa Moshi, aliniambia kuwa ubao ule ni sheria ya mababu na umekaa pale tangu mji ukiwa kichaka. Nikautazama. Tone likanenepa, likakatika, likaniangukia begani. Nililigusa kwa kidole, likanata. Kwetu nimepasua kuni tangu utotoni, na sijapata kuona mti uliokufa zamani ukitoa utomvu.

Bwana Mavere aliniona nikijifuta.

"Ni machozi hayo, binti mgeni," akasema. "Wazee wetu hulia wakimwona mgeni. Ni furaha."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mimi si mtu wa kubishana, na mbele ya wakubwa sauti yangu hukauka. Lakini tangu saa ile sikuamini kitu cheusi nchini humo mpaka nimekinusa.

Jinsi nilivyofika Dumazi si habari ya kumchosha msomaji. Nilifika mtama ukiwa katika maua, nikaondoka ulipokwisha kuvunwa. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nilipokuwa na shaka nitasema.

Huko umri wa kitu haupimwi kwa miaka. Hupimwa kwa masizi. Zamani kila nyumba ilipika kwa kuni, na vyote vilivyokuwa ndani, boriti, vikapu, hata mbao zilizochongwa sheria, vikawa vyeusi kadiri vilivyokaa. Ikawa desturi: kilicho cheusi ni cha kale, na cha kale hakiguswi. Mwanzoni niliiona kuwa desturi ya watu wenye adabu.

Nchi ina makundi mawili ya viongozi. Wapo Watunzaji, ambao huapa kuacha kila kitu kilivyoachwa na mababu. Hao huvaa begani kipande cha mkeka mkuukuu uliochakaa, na wimbo wao ni methali tuijuayo sote: usiache mbachao kwa msala upitao. Wapo pia Wageuzi, ambao huapa kubadili kila kitu. Hao huvaa kipande cha mkeka mpya wenye rangi nyingi, na wao husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wananchi nao hukaa kwenye mikeka miwili barazani, Mkeka wa Kale na Mkeka Mpya, na mtu huzaliwa kwenye mkeka wa mama yake na kuzikwa kutoka kwenye huohuo. Nilipokuwa huko, Watunzaji ndio waliotawala.

Juu ya sheria zote ipo moja wanayoiita mama wa sheria. Inasema tendo hufuata jina, jina halifuati tendo. Sikuielewa mpaka nilipofafanuliwa na jirani wa pale nilipofikia, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Mama Sijali.

"Enzi za Wageuzi," aliniambia, huku akipepeta mtama, "paa la ghala la nchi lilivuja. Wakataka kuziba tundu. Watu tukatoka na marungu na mawe: mnageuza ghala la mababu! Wakaogopa. Wakaliacha livuje, mtama ukaota humohumo ndani. Wakaja Watunzaji. Wao wakaling'oa paa zima. Tukapiga vigelegele."

"Kwa nini?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

"Kumbe unasema! Kwa sababu wale ni Watunzaji, mwanangu. Mtunzaji aking'oa paa, amelitunza. Mgeuzi akigusa tundu, amebomoa." Akacheka mpaka ungo ukamtikisika mikononi. "Sasa mtama tunauweka chini ya vitanda. Panya wamenenepa, nao wametunzwa."

Bi Kidawa, aliyekuwa mwenyeji wangu, hakucheka.

"Usimpotoshe mtoto wa watu," alimwambia. "Paa lile lilikuwa limeoza. Wametoa bovu ili waweke la namna ileile. Watafika tu."

"Mvua ya ngapi hii wanafika, Kidawa?"

"Watafika."

Bi Kidawa alikuwa mjane. Kwa desturi ya Dumazi, mgeni hulazwa kwa mjane, maana nyumba ya mjane haina mwanamume wa kuidai na kwa hiyo haina wa kumfukuza mgeni. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeinama kidogo upande wa jua kuchwa, na boriti zake zilikuwa nyeusi kwa moshi wa kweli. Humo aliolewa na humo alifiwa. Mumewe, marehemu Ndimbo, alizikwa nyuma ya jiko, na kila asubuhi Bi Kidawa alimwambia habari za mtaa huku akichochea uji. Sikuwa na haya mbele yake. Alikuwa mtu wa kuuliza swali na kulijibu mwenyewe, jambo linalomfaa mtu kama mimi.

Alikuwa Mtunzaji wa damu. Alikaa mstari wa mbele wa Mkeka wa Kale, na hata alipokuwa mgonjwa alibebwa kwenda kukaa. Sababu yake ilikuwa moja, na aliitaja waziwazi: ipo sheria ya zamani isemayo mjane hatolewi kwenye nyumba aliyofiwa. "Wageuzi wakishika nchi," alisema, "watageuza hiyo kwanza. Mimi nawachagua wanaotunza." Wageuzi walipata kushika nchi na hawakuigusa sheria hiyo. Kwa kweli hawakugusa kitu, maana kila walipoinua mkono watu walipiga yowe. Walibadili majina ya vyeo na rangi ya lango, wakarudi kukaa. Nilimkumbusha Bi Kidawa hivyo, kwa sauti ndogo.

"Walikuwa wanajiandaa," akajibu.

Baadaye nilipelekwa kulitazama Jiko la Serikali, kama wageni wote. Ni jengo refu lisilo na dirisha, na moshi wake huonekana kutoka kila upande wa mji. Bwana Mavere alinitangulia akikohoa. Ndani, wanaume waliovua mashati walikuwa wakitia majani mabichi motoni ili moshi uwe mzito, na juu ya moshi huo, kwenye vichanja kama vya kukaushia samaki, zilipangwa mbao za sheria.

"Hapa tunawapasha wazee joto," akasema Bwana Mavere. "Sheria za kale zikipigwa na baridi huugua."

Nikatazama. Kwenye vichanja vya karibu na mlango wa nyuma zilikuwa mbao nyeupe kama maziwa. Katikati zilikuwa za rangi ya kahawia. Mwisho, karibu na mlango wa mbele, zilikuwa nyeusi tititi. Nje ya mlango wa nyuma nilisikia mlio wa randa.

"Hizo nyeupe..." nikaanza.

"Nyeupe zipi?"

Nadhani kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, Bwana Mavere akanisogelea.

"Binti mgeni, kwenu mtoto akizaliwa leo hapewi jina la babu yake?"

"Hupewa."

"Na hamsemi babu amerudi?"

"Twasema."

"Basi ndiyo hayo. Mbona hamjioni waongo?"

Nilipofika njiani ndipo jibu liliponijia: kwetu mtoto huyo hupewa jina, lakini hatumwachii agawe mirathi. Jibu langu lilikuwa zuri, ila nililitoa kwa mbuzi mmoja aliyekuwa akila pumba kando ya njia.

Mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, ubao mweusi ulitundikwa kwenye mti mwanzoni mwa mtaa wa Bi Kidawa. Mtaa ule ulikuwa wa wajane watupu, nyumba kuukuu zilizoshikana mabega. Wanawake walitoka wakajikusanya. Mimi niliishia darasa la tano lakini kusoma najua, na wao walinisukuma mbele niwasomee. Nikasoma: Nyumba ya mjane hurudi kwa nchi, ili nchi iitunze.

Nilipoinua mkono kupangusa neno la mwisho, ukingo wa ubao ulininata vidoleni.

Bwana Mavere alikuja mchana kueleza. Sheria hii, alisema, ni ya zamani sana, ila ilisahauliwa. Mtaa utabomolewa, na hapo utajengwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Nyumba za Kale. Katikati ya uwanja itawekwa nyumba ndogo ya kuchongwa, ya mawe, na watoto wataletwa waone jinsi mababu walivyoishi.

"Si waje tu kwangu?" akauliza Bi Kidawa. Hakuwa anakebehi, alikuwa anataka kusaidia. "Wataona tunavyoishi. Na uji watapewa."

"Mama, kwako kunaishi mtu."

"Ndiyo."

"Kumbukumbu haikai na mtu, mama. Ataichafua."

Alipokwenda zake, Mama Sijali alisema, "Haya Kidawa, watu wako hao."

"Ni kosa la makarani," akajibu Bi Kidawa. "Mheshimiwa Lukombe hajui. Akijua atauangusha ubao huu kwa mkono wake." Huyo Lukombe ndiye aliyekuwa Mtunzaji Mkuu.

Nilimwambia basi habari ya utomvu. Nilimwambia kuhusu tone la langoni, na mbao nyeupe, na randa. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Kisha akasema, kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia kwake, "Wewe ni mgeni. Usiwatie watu wetu aibu." Tulipomaliza kula, alinawa, akajitanda kanga yake nzuri, akatoka peke yake. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona amesimama chini ya ule mti, mkono umeinuliwa, kidole kwenye ukingo wa ubao. Alikaa hivyo kitambo kirefu. Aliporudi aliosha mkono ule mara nyingi kwa majivu.

Siku ya baraza alinitaka nimsindikize. Mikeka miwili ilikuwa imetandikwa uwanjani, na katikati yake palikuwa na njia ya vumbi. Bi Kidawa akakaa mahali pake pa mbele, nami nyuma yake. Mheshimiwa Lukombe alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia. Uso wake ulipakwa masizi asubuhi ile, na jasho lilikuwa limeshachora mistari mashavuni.

Bi Kidawa akasimama. Hakulia. Alisema, "Mheshimiwa, mimi ni wa mkeka huu. Mama yangu alikuwa wa mkeka huu. Ipo sheria: mjane hatolewi kwenye nyumba aliyofiwa. Niliimbiwa nikiwa mgongoni, na kila aliye hapa aliimbiwa. Naomba itunzwe."

Manung'uniko yakapita mikeka yote miwili, maana kweli kila mtu aliimbiwa.

"Mama yetu amesema vizuri," akajibu Mheshimiwa Lukombe. Sauti yake ilikuwa tamu, na alimwinamia kama mkwe. "Sheria hiyo twaiheshimu. Karani, ubao wake uko wapi?"

"Mheshimiwa," akasema Bwana Mavere akitazama chini, "ubao huo ulipelekwa Jikoni kupashwa joto. Ukazidiwa."

"Ukazidiwa?"

"Uliungua, Mheshimiwa. Wazee wengine hawastahimili."

Watu wakasikitika, wengine wakashika tama. Mheshimiwa Lukombe akaangalia mbinguni kwa muda wa kutosha.

"Basi mama, tubaki na ule tulio nao. Huu wa mtaani kwako upo, mzima, mweusi."

"Huo ni mbichi," akasema Bi Kidawa. Uwanja wote ulisikia. "Unatoka utomvu, Mheshimiwa. Nimeushika. Na mgeni wangu huyu ameushika."

Vichwa vikageuka. Nilihisi macho ya watu usoni kama joto la tanuri. Mheshimiwa Lukombe aliniuliza kwa upole kama ni kweli. Nilikuwa nimepanga maneno: mlango wa nyuma, randa, mbao nyeupe, mtoto aliyepewa jina la babu. Nilifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Ni kweli. Niliushika."

"Mmesikia!" Akanyanyua mikono. "Hata mgeni, asiye wa damu yetu, ameyashika machozi ya wazee wetu kwa mkono wake!"

Mkeka wa Kale ukalipuka kwa vigelegele. Mzee mmoja karibu yangu alilia kweli kweli. Nilikaa chini. Niligundua pale kuwa ukweli ukitolewa katika nchi kama ile lazima utolewe mzima, maana kipande chake huokotwa na mwingine akakitumia.

Ndipo ikatolewa hukumu, kwa utaratibu na bila hasira. Sheria nyeusi ni ya kale. Anayepinga sheria ya kale anataka mageuzi. Kwa hiyo Bi Kidawa ni Mgeuzi, na akae kwenye mkeka wa wenzake.

"Mimi?" akasema Bi Kidawa.

"Si mimi nisemaye, mama. Ni jina."

Vijana wawili wakachukua viatu vyake, wakavihamisha upande wa pili. Yeye alivifuata, taratibu, kama mtu anayefuata kuku wake. Lakini alipofika kwenye Mkeka Mpya, kiongozi wa Wageuzi, Bwana Tindwa, alisimama ukingoni na kumzuia kwa kiganja. Alikuwa mtu mwembamba, na alisema kwa sauti ya chini nisiyodhani alitaka wengi waisikie.

"Mama, samahani sana. Hoja yako ni ya haki. Lakini wewe unataka sheria ya zamani ibaki. Sisi ni Wageuzi. Tukionekana tunaililia sheria ya kale, watu watasema tumepoteza jina."

"Nyumba yangu inabomolewa, mwanangu."

"Najua. Ingekuwa unataka nyumba mpya, hapo tungekupigia kelele mpaka mawingu yapasuke."

"Sitaki mpya. Nataka hiyohiyo."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Bwana Tindwa, na nilimwona kuwa ana huzuni. Akavirudisha viatu vya Bi Kidawa kwenye njia.

Bi Kidawa akatazama mkeka huu, akatazama ule. Kisha akakunja kanga, akakaa vumbini katikati. Baadhi ya watu walicheka. Mama Sijali, aliyekuwa ameketi Mkeka wa Kale na bakuli la karanga, akaguna, akainuka, akaja akakaa naye. "Sogea," alimwambia. "Kule kuna kunguni." Nami nikakaa karibu yao, maana mgeni hana mkeka.

Tuliporudi nyumbani Bi Kidawa alisema jambo moja tu. "Nilidhani wakijiita watunzaji, wananitunza mimi." Kisha akawasha moto.

Hapa sina budi kueleza desturi ambayo haikuchongwa ubaoni popote. Dumazi mtu hatolewi nyumbani moto wake ukiwa unawaka. Hakuna aliyenifafanulia sababu. Ni kama kwetu mtu asivyoruka miguu ya mwenzake aliyelala. Na kumwaga maji kwenye mafiga ya mtu ni laana nzito, hufanywa tu pale nyumba nzima ilipokufa na hakuna aliyebaki. Haimo katika sheria, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuifikisha Jikoni.

Askari walifika na nyundo na kamba. Wakamkuta Bi Kidawa ameketi mbele ya mafiga akikoroga uji. Wakasimama mlangoni.

"Karibuni," akasema. "Pazi, mama yako hajambo?"

Pazi, mkubwa wao, kijana mwenye shingo pana, akavua kofia. "Hajambo, shikamoo."

"Marahaba. Goti lake?"

"Linamsumbua bado." Akatazama moto. "Mama, tumetumwa."

"Najua. Nami sijawakatalia. Napika."

Wakangoja nje. Uji ukaiva, akaweka maharage. Maharage yakaiva, akaweka maji ya kuoga. Bwana Mavere akaja mbio, akaona, akawafokea askari. "Uzimeni!"

"Mwenyewe uzime, Karani," akasema Pazi. "Ndoo hiyo hapo."

Bwana Mavere aliishika ndoo. Kisha aliiweka chini polepole, akajipangusa mikono kwenye kanzu, akasema sheria itatafutwa. Siku ileile fundi wa randa alisikika Jikoni, na moshi ukawa mzito kuliko kawaida. Kila mtu mtaani alijua ubao gani ulikuwa kwenye kichanja, na kila mtu alijua kuwa ukishakuwa mweusi, itakuwa imeruhusiwa tangu enzi za mababu kumzimia mtu moto.

Ikawa mashindano ya moshi na moto. Wajane walikuja wakileta kuni, mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuazima chumvi. Mama Sijali alileta mlango wa choo chake. "Nilipewa na Wageuzi, haukupata kufunga," alisema. "Angalau uwake." Bi Kidawa alilala ameketi, kwa vipindi vifupi, nasi tulipokezana kuchochea. Alikonda. Lakini hakumwachia mtu mwingine aweke kuni za asubuhi, maana hizo aliziweka akizungumza na Ndimbo.

Jioni moja tulikuwa tumetoka sote kuokota kuni, na niliporudi nilimkuta Bi Kidawa amesinzia, kichwa kimeangukia ukutani. Gogo lilikuwa limeteleza nje ya mafiga na ndimi za moto zilibaki kidogo. Pazi alikuwa mlangoni peke yake. Alitazama moto, akatazama njia. Hakuniona. Akaingia, akalisukuma gogo ndani kwa ncha ya kiatu, kama mtu afanyavyo nyumbani kwake bila kufikiri. Akainama, akapuliza mara moja. Kisha akarudi mahali pake, akashika rungu lake, akaendelea kungoja.

Muda wangu ulikuwa umekwisha. Mgeni haruhusiwi kuvuka mavuno. Bi Kidawa alinipa kikombe cha mwisho cha uji na kunibariki, akinishika kisogoni kwa mkono wenye joto la moto. Nilimuuliza nifanye nini. "Nenda, mwanangu," akasema. "Na usilie njiani, watu watasema umetoka kwenye ubao." Alicheka mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Kwa desturi, mgeni anayeondoka hupelekwa mbele ya Mtunzaji Mkuu kutoa neno la kuaga, na neno hilo hutakiwa liwe la sifa. Nilisimama mbele ya Mheshimiwa Lukombe. Nyuma yake, kupitia dirisha, moshi wa Jiko ulikuwa mweusi. Aliniuliza, kwa ile sauti tamu, nimeionaje nchi ya watu wanaotunza.

Nilisema, "Asanteni kwa uji."

Waliokuwepo wakapiga makofi, na nikaondoka. Lakini neno lililokuwa limenikaa kooni wakati ule nalijua vizuri, na tangu siku hiyo nimelibeba bila kumwambia mtu. Nalisema sasa. Mheshimiwa, nimezunguka nchi yako yote, nimewaona wenye vipande vya mkeka mabegani, na mtunzaji nimemkuta mmoja tu. Mwenyewe umemwekea askari mlangoni, wangoje asinzie.